Taa ya mbele ikiungua kwenye Land Cruiser ya zamani yenye kitanda

Dereva mwenzangu alilala Jinja na HZJ75 yake, ile Land Cruiser ndefu iliyojengewa kitanda na jiko la gesi nyuma. Taa ya kushoto imekufa, na alfajiri anapeleka wageni mbuga ya Murchison. Tulimaliza saa tano usiku, ingawa kazi yenyewe ni ya dakika ishirini.

Hatua ya 1. Angalia fyuzi. Kwenye Toyota hizi kila taa ina yake, ya kushoto na ya kulia.

Hatua ya 2. Toa fremu inayozunguka taa, kisha pete inayoishika. Skrubu zenye springi usiziguse. Hizo ni za kulenga mwanga, ukizizungusha utamulika miembe.

Hatua ya 3. Chomoa plagi, vua mpira wa vumbi, legeza kibanio, balbu itatoka. Weka H4, balbu yenye nyuzi mbili, ya wati 60/55 (60 za ful, mwanga wa mbali, na 55 za dim, mwanga wa chini), ya volti 12 ikiwa gari ni la 12. Betri mbili peke yake hazikuambii kama ni la 24, soma maandishi kwenye balbu ya zamani. Kioo usikishike kwa vidole, mafuta ya mkono huiua mapema. Muuza spea akikusifia ya wati 100/90, mwachie mwenyewe: hiyo huyeyusha plagi.

Hatua ya 4, kama bado haiwaki. Hapa niliwahi kupoteza mchana mzima. Nilibana klipu ya tesa, kile kitaa cha kupimia umeme, kwenye bodi ya gari, yaani hasi, nikawasha dim, nikagusa vituo vitatu vya plagi. Kimoja kinawaka muda wote, sawa. Lakini cha dim giza, cha ful kinawaka! Nikiweka ful, vinabadilishana. Nikaapa kuna fundi alichanganya waya. Nikazikata, nikazigeuza, nikafunga utepe vizuri kabisa. Sasa kulia ikiwa dim, kushoto ni ful.

Kumbe Toyota nyingi za zamani swichi haikati chanya. Chanya inakaa kwenye plagi, swichi inafunga hasi. Tesa yangu ilikuwa inapata moto kupitia balbu isiyoungua ya upande wa pili.

Kwa hiyo, klipu iende kwenye chanya ya betri. Ukiwasha dim, kituo cha dim kiwake. Ukiweka ful, kiwake cha ful. Kile cha tatu pekee ndicho unachopima kutoka bodini. Vyote vikijibu, tazama plagi yenyewe: ya mwenzangu ilikuwa ya kahawia, kituo kimoja kimelegea hadi balbu inacheza. Kukibana kwa koleo kunakufikisha safari, lakini mimi huikata na kufunga plagi ya kauri.

Na hizo balbu za LED, nyingine hazielewani kabisa na mpango huu wa hasi. Sizifungi.

Hatua ya 5. Rudisha pete, simama mbele ya ukuta, washa. Mwanga wa dim upande juu kuelekea kushoto, maana Uganda tunaendesha kushoto. Ukipanda kulia, kioo hicho ni cha nchi wanakoendesha kulia.