Kiingereza cha kila siku kupitia vipande vya katuni

Usianze na filamu nzima. Chukua kipande cha dakika moja au mbili ambapo wahusika wako jikoni, dukani au garini. Mapigano na nyimbo ziache: kelele humeza maneno, na wimbo hupindisha matamshi. Kama uko Kisumu na bando ni ya kupimia, pakua kipande palipo na Wi-Fi kwa ubora wa 360p. Picha itafifia kidogo lakini maneno utayasikia.

Mara ya kwanza tazama bila maandishi yanayotokea chini ya picha, ukisie wanachosema. Mara ya pili washa maandishi ya Kiingereza. Ya Kiswahili yaache. Macho yatasoma na masikio yatalala. Maandishi yanayotolewa na mashine hukosea majina na maneno yanayosemwa haraka, basi hakikisha kwenye kamusi kabla ya kunakili.

Andika maneno matano tu, kila moja ndani ya sentensi yake. “Hurry up, we're late” utaitumia kesho stendi ya matatu. Orodha ya maneno matupu, sioni faida yake.

Sasa simamisha baada ya kila sentensi, uiseme kwa sauti ukiiga kasi ya mhusika. Ikikushinda, punguza kasi ya video hadi 0.75 (robo tatu ya kasi ya kawaida). Ukishuka hadi 0.5, sauti huburuzika na utajifunza matamshi yasiyokuwepo. Rudia kipande kesho yake, halafu baada ya wiki, bila maandishi.

Kwa mwanafunzi: katuni za Marekani huandika “color”. Kwenye insha ya shule andika “colour”.