Kupunguza nyaya mezani: kipi kiachwe na waya, kipi kiondolewe

Nimetoka kumpangia dada mmoja mwenye stesheneri Morogoro meza yake ya kazi. Ana kompyuta ya mezani, laptopu, printa, diski ya nje anayotunzia picha za pasipoti, na chini ya meza nyaya zilizofungamana hata huwezi kujua upi ni wa nini. Alitaka kila kitu kiwe bila waya. Nilimkatalia, nawe nakushauri vivyo hivyo. Kinachoshikwa na mkono kutwa nzima ndicho kinachostahili kuondolewa waya. Kinachokaa palepale na kubeba data nyingi kibaki na waya wake, ila waya ufichwe.

Hatua ya 1: Zima kila kitu, chomoa, tenga mafungu

Fungu la bila waya ni kibodi, kipanya na hedifoni. Fungu la waya ni monita, diski ya nje, na kompyuta ya mezani yenyewe kwenda kwenye ruta (kifaa kinachogawa intaneti) kama ziko chumba kimoja. Kebo ya mtandao inafika hadi mita 100 bila shida, kwa hiyo mita tatu nyuma ya meza hazikugharimu chochote, na kompyuta hiyo haitagombania tena Wi-Fi na simu za wateja.

Printa iko katikati. Kama inatumiwa na kompyuta moja tu, iache kwenye kebo ya USB. Kama inatumiwa na mbili au zaidi, iweke kwenye Wi-Fi.

Hatua ya 2: Bluetooth au kipokezi cha USB?

Kwa kompyuta ya mezani nachagua kipokezi, kile kidude kidogo cha USB kinachouzwa pamoja na kibodi na kipanya. Kompyuta inakiona kama kibodi ya kawaida tangu inapowashwa. Kibodi ya Bluetooth mara nyingi haijibu mpaka Windows imalize kuwaka, na siku unahitaji kuingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) utabaki unabonyeza bure. Kwa laptopu nachagua Bluetooth, maana matundu yake ya USB ni machache na kipokezi kikiachwa pembeni ni rahisi kuvunjika ndani ya begi.

Ukinunua, tafuta kibodi na kipanya vinavyotumia kipokezi kimoja. Vile vya Logitech vyenye alama ndogo ya rangi ya chungwa, vinavyoitwa Unifying, kipokezi kimoja kinabeba hadi vifaa sita. Seti nyingi za bei nafuu zimefungwa na kipokezi chake tu, na kikipotea, seti nzima imekwisha. Kiandike jina kwa kalamu ya wino mzito siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Mahali pa kuchomeka kipokezi

Usipite hapa haraka. Watu wengi hurudisha kipanya dukani wakiamini wameuziwa kibovu, kumbe tatizo ni tundu walilochomeka. Kishale kinakwama, kisha kinarukia upande wa pili wa skrini. Kwenye kibodi, herufi zinamezwa: dada aliandika "Mwanaidi" nikiwa nimesimama nyuma yake, skrini ikaonyesha "Mwnaid". Betri zilikuwa mpya. Akaniambia, "Kaka, nikianza kuhamisha picha ndiyo inazidi." Nilipolisikia hilo, nikaitazama diski ya nje.

Kipokezi kinaongea na kipanya kwa mawimbi ya redio ya GHz 2.4. Vifaa vya USB 3.0 (toleo la USB lenye kasi kuliko USB 2.0), hasa diski za nje na kebo zake, vinaposafirisha data hutoa kelele ya redio ambayo sehemu yake inaangukia kwenye masafa hayohayo. Haya si maneno ya vijiweni. Intel walitoa waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012. Hakuna kinachoharibika, ila kipokezi kinabaki kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono pembeni ya mashine ya kusaga. Bluetooth nayo iko masafa hayo, na ingawa inarukaruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine, kelele hii ni pana na inaweza kuifuata. Wi-Fi ya GHz 2.4 nayo huumia. Kama ruta yako ina GHz 5, hamishia laptopu huko.

Cha kwanza, hamisha kipokezi kwenye tundu la USB 2.0. Mara nyingi ndani yake ni jeusi, na la USB 3.0 ni la bluu au limeandikwa SS pembeni. Lakini si kila kiwanda kinafuata rangi hizo, kwa hiyo soma kitabu cha kompyuta yako kabla ya kuamini macho.

Kuhamisha tundu peke yake hakutoshi kama tundu jeusi liko ubavuni mwa lile lililochomekwa diski. Kelele inapita hewani. Wengi huhamisha sentimita mbili, huona hakuna mabadiliko, wakakata tamaa. Kinachotakiwa ni umbali. Nunua kebo ya kurefusha USB ya mita moja hivi (ya USB 2.0 inatosha kabisa), chomeka kipokezi kwenye ncha yake, kisha kibandike kwenye mguu wa monita kwa utepe wa gundi, kikitazamana na kibodi. Ndiyo, umeongeza waya. Lakini waya huo umejificha nyuma ya monita, na nyaya mbili zilizokuwa zinakatiza meza, ya kibodi na ya kipanya, zimeondoka.

Kama kompyuta yako ni ya kasha la chuma na iko chini ya meza, usichomeke kipokezi nyuma yake hata kama hakuna diski. Chuma kinaziba mawimbi, na mwili wako nao uko katikati. Kama huna kebo ya kurefusha, tundu la mbele ni afadhali.

Kebo ya diski yenyewe iangalie pia. Kebo nyembamba za bei ya kutupa, zisizo na kinga nzuri ya chuma ndani, huvujisha zaidi. Weka fupi na imara, na diski ihamie upande wa pili wa meza.

Kisha jaribu. Anza kunakili faili kubwa kwenda kwenye diski, na wakati huohuo zungusha kipanya polepole kwa mduara. Kishale kikikwama, sogeza kipokezi na urudie. Chomoa diski kwa usalama: kishale kikitulia papo hapo, umempata mchawi. Kikiendelea kukwama, angalia betri, halafu angalia meza, maana vipanya vingi vya mwanga havisomi juu ya kioo kitupu.

Hatua ya 4: Printa kwenye Wi-Fi

Printa nyingi za bei ya kawaida zinajua GHz 2.4 tu. Ikiwa haioni mtandao wako, hakikisha ruta inarusha masafa hayo, na simu unayoitumia kuiunganisha iwe imeingia huko pia.

Ikishaunganika, ingia kwenye mipangilio ya ruta uifungie printa anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) isibadilike. Usiache hili kwa siku nyingine. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa printa anwani mpya. Kompyuta inaendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani na kusema haipo, huku printa inawaka taa ya kijani mbele yako na foleni ya wateja ipo mlangoni.

Hatua ya 5: Nyaya zilizobaki

Zipitishe nyuma ya mguu wa meza na uzifunge kwa velkro. Vile vibanio vya plastiki sivipendi, maana ukitaka kubadilisha waya mmoja lazima uvikate vyote, na mkasi ukiteleza umekata kebo.

Ukiongeza habu ya USB (kifaa kinachogeuza tundu moja kuwa mengi), nunua yenye umeme wake. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 na la 3.0 linatoa 900, na habu isiyo na umeme inagawana hizo kwa vifaa vyote vilivyochomekwa. Diski ya nje itakuwa ya kwanza kugoma.

Ekstensheni ya umeme ining'inize chini ya ubao wa meza, isilale sakafuni panapopigwa deki. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika). Ikipasha moto hunyonya umeme mwingi kwa ghafla na UPS ndogo huzima. Kibodi na kipanya vya zamani vya waya viweke kwenye droo, usivigawe, vikusubiri siku betri zitakapoisha mteja akiwa mbele yako.