Uwezekano wa kwenye karatasi na ule wa kurusha sarafu

Kama mdogo wako wa sekondari anasumbuliwa na mada ya uwezekano, tafuta sarafu ya mia mbili, ile yenye mzee Karume huku na simba huku (watu wa Yanga mvumilie tu), daftari na peni, basi.

Usirushe kwanza. Sarafu ina pande mbili, zote zina nafasi sawa, simba ni mmoja kati ya hizo mbili, kwahiyo 1/2 yani asilimia 50. Huo ndo uwezekano wa kinadharia, umekaa tu umefikiria.

Sasa rusha mara 20, kila ikitoka simba chora kijiti, afu idadi ya simba gawa kwa 20. Tuseme zimetoka 13, 13/20 ni 0.65, huo ndo wa majaribio. Hapa ndo madogo wanaanza kufuta ili ipatikane 10 ya kumfurahisha mwalimu, usifute! Mara 20 ni chache mno. Mkiwa wanne nyumbani kila mtu arushe 50, mjumlishe, mara nyingi namba itakuwa imeshasogea karibu na 0.5.

Mwanahisabati John Kerrich alishikiliwa Denmark kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia, akarusha sarafu mara 10,000, kichwa kikatoka mara 5,067. Amezidi nusu kwa 67, ila ukigawa ni 0.5067. Wewe umezidi kwa 3 tu na uko 0.65. Yani kinachosogea nusu ni jibu la kugawa, idadi yenyewe inaweza ikazidi vilevile. Ndo maana simba ikitoka mara tano mfululizo ya sita bado ni nusu kwa nusu, sarafu hailipi deni, na jamaa wa mikeka wanaosema "imekataa sana leo lazima itiki" wanapigwa hapohapo.

Ukishaelewa okota kizibo cha soda dukani. Nacho kina pande mbili ila usiandike 1/2, upande mmoja bapa mwingine una meno, nafasi haziko sawa, hapo kufikiria tu hakutoshi, inabidi urushe wee na uandike. Tumia kizibo kilekile, maana kilichopinda na opena kinaangukia kivyake, na rushia sehemu moja, sio mara kwenye saruji mara kwenye zulia.