Namna ya kuanza kujenga huduma ya afya kwa wote katika nchi yenye kipato kidogo

Kabla ya kuhesabu majengo na madaktari, chunguzeni kwanza wananchi wanalipiaje matibabu hivi sasa. Pale ambapo mgonjwa hutakiwa kulipa papo kwa papo, familia huuza mifugo au shamba, au humwacha mgonjwa wao nyumbani mpaka hali izidi kuwa mbaya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba malipo ya mfukoni yakipungua hadi kati ya asilimia 15 na 20 ya matumizi yote ya afya, ni nadra familia kufilisiwa na ugonjwa. Wizara ijiwekee shabaha hiyo, kwa kuwa idadi ya kadi za bima zilizogawiwa haisemi lolote kuhusu aliyelipa na kiasi alicholipa.

Amueni kisha jinsi fedha zitakavyokusanywa kabla mtu hajaugua. Hapa ndipo nchi nyingi hukosea: huanza na watumishi wenye mishahara, ambao makato yao hukusanywa kwa urahisi, zikitumaini kwamba wakulima, wavuvi na wachuuzi watajiunga baadaye kwa hiari. Uanachama wa hiari huwavuta zaidi walio wagonjwa tayari, wenye afya hawajiungi, na mfuko huelemewa na madai. Tena wenye mishahara wakishazoea mafao yao, hupinga kuunganishwa na wengine. Kwa hiyo nashauri kwa nguvu zote kwamba watu wa sekta isiyo rasmi waingizwe tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya gharama yao ibebwe na kodi. Thailand ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2002: raia wote waliokuwa nje ya mifuko ya watumishi wa umma na wafanyakazi wa kuajiriwa waliingizwa katika mpango unaogharimiwa na kodi, huku mgonjwa akichangia baht 30 tu kila alipokwenda kutibiwa. Ghana, kwa sheria yake ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma ili kuchangia mfuko wa taifa. Njia hizi zinatofautiana, ila zote zinatia katika kapu moja fedha za wenye nacho na wasio nacho, wazima na wagonjwa.

Kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo mfuko utazilipia, kiwe kifupi na kitekelezeke. Kuahidi upasuaji wa moyo ilhali zahanati haina dawa ya shinikizo la damu ni kumdhulumu mwananchi. Anzeni na chanjo, uzazi salama, magonjwa ya kuambukiza ya watoto, kisukari na shinikizo la damu, mkiongeza mengine kadiri mfuko unavyokua.

Watoa huduma nao huchukua miaka mingi kuandaliwa. Thailand ilikuwa imewataka madaktari wapya kufanya kazi vijijini tangu miaka ya 1970, na Ethiopia ilianzisha mwaka 2003 mpango uliowaajiri maelfu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wengi wao wakiwa wanawake.

Namna ya kuwalipa watoa huduma inahitaji uangalifu. Mfuko ukilipa kwa kila kipimo na kila sindano, vipimo na sindano huongezeka hata visipohitajika, hivyo kwa wagonjwa wa nje ni bora kukilipa kituo kiasi maalumu kwa kila mtu aliyeandikishwa. Sheria itaje pia siku ya mwisho ya kulipa madai, maana hospitali iliyocheleweshewa fedha zake hurudi kumdai mgonjwa.

Hatimaye, fanyeni uchunguzi wa kaya kila baada ya miaka michache, mkiuliza mtu alipougua mara ya mwisho alilipa nini na fedha alizitoa wapi. Ulizeni pia kuhusu wale ambao hawakwenda kutibiwa kabisa, kwa sababu hao hawaonekani katika daftari la kituo chochote.