Kisu cha mawe: kabla ugonge hilo jiwe, weka hivi tayari

Watu wa huku Nakuru wakisikia kisu cha mawe wanakimbilia kutafuta jiwe, na jiwe ndio shida ndogo, ukishajua kugonga unapata kipande chenye makali saa hiyo hiyo. Kinachokwamisha watu ni mpini, kamba na gamu, juu hivyo vinataka kukauka na huwezi viharakisha.

Anza na mti basi. Leleshwa iko mob upande wa Elmenteita na Naivasha na ni ngumu, omba mwenye shamba, kata mapema uache ukauke kivulini wiki kadhaa, ukifunga jiwe kwa mti mbichi utasinyaa na jiwe lianze kucheza. Kamba, pitia bucha uitishe kano za mguu wa ng'ombe, zile ndefu, kausha, ponda pole pole mpaka zitoe nyuzi, halafu uloweke tu wakati wa kufunga, zikikauka zinajikaza zenyewe. Katani pia ni sawa ila haijikazi hivyo, hapo ni nguvu zako.

Gamu ni ya paini, uchanganye na unga wa makaa na nta kidogo ya nyuki. Moto uwe mdogo sana, ikichemka inakuwa ya kuvunjika vunjika na inaweza kushika moto. Ile gamu ya mgunga wachana nayo, inayeyuka kwa maji.

Sasa jiwe. Obsidiani, ile nyeusi kama kioo, ni lava iliyopoa haraka, na Eburru na Naivasha zinajulikana nayo. Lakini Hell's Gate ni mbuga ya taifa, usibebe kitu, na Kariandusi na Hyrax Hill, zile sehemu za akiolojia, usiguse hata kachipu, hizo zinalindwa na sheria ya makumbusho ya 2006. Enda uangalie tu, Kariandusi kuna mashoka ya mkono ya obsidiani. Na usigongee mawe yako karibu na huko, utaacha takataka mpya juu ya ya zamani mtu wa akiolojia aje achanganyikiwe bure.

Jiwe la kugongea liwe la mto, mviringo, la kutosha ngumi, na uwe na mfupa mgumu wa kumenyea makali. Miwani ya fundi ni lazima, hapo sibembelezi mtu, na ngozi nene ya kuweka kwa paja. Fanyia nje kwenye upepo, hilo vumbi si la kuvuta, na utandike turubai, vichipu vyote vimwagwe kwa shimo la choo kabla mtoto wa miguu mitupu hajapita.

Ile sehemu ya jiwe inaingia kwa mpini uisugue kwanza na jiwe la kukwaruza iwe butu, la sivyo itakata kamba yako mwenyewe. Ukishafunga, tundika juu kabisa, mbwa wa boma watakula hizo kano kabla zikauke.