Somo: Pima presha nyumbani upate namba ya kweli

Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili. Mtu anabeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi nzima, kichwa hakimuumi, kumbe ana 170/105. Atajua kwa kupima tu, tena kwa kupima vizuri.

1. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara. Kama umetoka kupanda mlima kwenda kwako Igogo au Mabatini, subiri. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kikijaa, namba hupanda.

2. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, bila kukunja nne. Tulia dakika 5. Usiongee, hata mashine inapojaza upepo.

3. Mkanda wa mashine ufungwe juu ya ngozi, siyo juu ya shati, vidole viwili juu ya kiwiko. Mkono ulale mezani, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Angalia sana saizi: mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaweza kuongeza pointi 10 na zaidi, na mtu akaanzishiwa vidonge bure. Vipimo vya mkono vimeandikwa kwenye mkanda wenyewe.

4. Pima mara 2, ukipisha dakika 1. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na chakula, kisha jioni, kwa siku 7. Andika zote. Siku ya kwanza iache, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135/85 kwa vipimo vya nyumbani (kliniki ni 140/90), peleka daftari kwa daktari.

Ikisoma 180/120 au zaidi, tulia dakika chache urudie. Ikibaki hapo, muone daktari siku hiyohiyo. Kukiwa na maumivu ya kifua, pumzi kubana, mdomo kwenda upande au mkono kuishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kurudia.

MASWALI

*Mama haongezi chumvi mezani, mbona presha haishuki?*
Angalieni jikoni, dada. Kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) imejaa chumvi: iloweke usiku kucha, badilisha maji mara 2 au 3, na hata hivyo chumvi haiishi yote, kwa hiyo isiwe mboga ya kila siku. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu ileile ya chumvi. Vidonge vya mchuzi pia. Kwa siku nzima mtu mmoja asizidi kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ukijumlisha vyote.

*Sasa nasoma 122/78. Niache dawa?*
Hapana, kaka. Dawa ndiyo iliyoishusha, ukiacha, inarudi.

*Natumia amlodipini ya presha, miguu inavimba.*
Dawa hiyo inajulikana kwa hilo. Endelea kumeza, mwone daktari mapema apunguze dozi au abadilishe. Mweleze na dawa za maumivu unazonunua dukani: daiklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha.