Mmea wako wa majani manene umepoteza rangi? Usiongeze maji

Ukiona mmea uliokuwa na ncha nyekundu au zambarau umegeuka kijani kitupu na shina limerefuka, haulilii maji wala mbolea. Unalilia jua. Rangi ile huchochewa na mwanga mkali, na ubaridi wa usiku huikoleza zaidi. Ila usiutoe kivulini ghafla, majani yataungua na kovu halifutiki. Anza na jua la asubuhi, kwa muda wa saa 1 au 2 tu kwa siku, kisha uongeze kidogo kidogo kwa wiki 2 hivi. Mwagilia maji pale tu udongo unapokuwa umekauka hadi chini, na chungu kiwe na tundu. Tena tafadhali, usiyasugue majani! Ule unga mweupe juu yake ni kinga ya mmea, na ukishafutika kwa kawaida haurudi kwenye jani hilo.